Sura ya 6: Maji Gani kwa Mtoto Gani?

Kila mwaka, baridi ya mwezi wa sita inapoingia Lubumbashi na shule kukaribia kufungwa, wazazi huuliza swali lile lile: inawezekana kuwapeleka watoto safari ya meli wakati wa vakansi kubwa, na sisi tunaishi mbali na bahari namna hii? Wapo walioona picha za meli ndefu kama mtaa mzima, zenye mabwawa ya kuogelea juu ya sitaha. Wapo wenye ndugu Dar es Salaam wanaowaambia waje, wavuke hadi Zanzibar. Na wapo wanaouliza kwa hofu tu: mtoto wa miaka minne juu ya maji, ni jambo la busara kweli?

Jibu langu ni ndiyo, kwa masharti mawili. Maji yachaguliwe kwa kuangalia umri wa mtoto mdogo kuliko wote, na yachaguliwe kwa kuangalia mwezi. Uzuri wa meli unakuja nyuma ya hayo. Mzazi anayeanza na uzuri wa meli anaweza kulipa pesa nyingi, kisha akakaa siku nzima chumbani akimshikia mwanawe ndoo ya kutapikia.

Katika sura hii, "safari ya meli" ni safari yoyote ambayo familia inalala ndani ya chombo, au inakaa majini muda wa kutosha hadi chombo chenyewe kiwe sehemu ya likizo. Kwa hiyo boti ya vyumba vinne ziwani imo, na meli ya abiria elfu kadhaa baharini imo pia.

## Mji wa reli uliozijua meli

Tunapenda kusema Lubumbashi ni mji wa shaba na reli, na kwamba meli si mambo yetu. Historia inasema vingine. Mji ulianzishwa mwaka 1910, wakati huo ukiitwa Élisabethville. Reli ilipofika Bukama mwaka 1918, msafiri wa kwenda Tanganyika alishuka treni hapo na kupanda meli ya mto Lualaba. Meli ilipita kwenye mabwawa na maziwa ya bonde la Upemba, ikashuka hadi Kabalo. Pale alipanda treni nyingine, kwenye reli iliyomalizika mwaka 1915, hadi Albertville, yaani Kalemie ya leo. Mambo yalikuwa hivyo kwa miaka mingi, mpaka reli ilipounganisha Kamina na Kabalo mwaka 1956.

Ninalitaja hili kwa sababu lina faida nyumbani. Kabla ya safari, keti na mtoto mbele ya ramani, mfuate njia hiyo kwa kidole. Kisha mwonyeshe Kalemie, mahali mto Lukuga unapotoka ziwani kwenda kuungana na Lualaba. Mtoto atagundua kwamba tone la maji ya Tanganyika linaweza kufika Kisangani, Kinshasa na mwishowe Atlantiki. Baada ya hapo hatauliza tena kwa nini mnahangaika kwenda kupanda meli.

## Vakansi na upepo

Hapa ndipo familia nyingi hukosea hesabu. Vakansi yetu kubwa ni mwezi wa saba na wa nane. Kwetu ni kiangazi, mbingu safi, hakuna mvua, na mtu anadhani huo ndio wakati bora wa kwenda majini. Kwa barabara ni kweli. Kwa maji, inategemea.

Pwani ya Afrika Mashariki ina pepo mbili kuu. Kaskazi huvuma takribani kuanzia mwezi wa kumi na mbili hadi wa tatu, na mara nyingi bahari yake ni ya upole zaidi. Kusi huvuma kuanzia mwezi wa nne au wa tano hadi wa tisa, na huleta mawimbi makubwa. Kati ya pepo hizo kuna kipindi cha utulivu ambacho watu wa pwani hukiita maleleji. Vakansi yetu kubwa inaangukia katikati ya kusi. Vakansi ya Noeli inaangukia kaskazi.

Ziwa Tanganyika nalo lina desturi yake. Kuanzia mwezi wa tano hadi wa tisa, upepo wa kusini-mashariki hulipiga kwa nguvu, hasa upande wa kusini, kule Mpulungu. Upepo huo husukuma maji ya juu yenye joto kuelekea kaskazini, na maji baridi ya chini hupanda kusini yakiwa na chakula cha samaki. Wavuvi wanaufurahia. Mtoto aliye kwenye boti ndogo saa nane mchana hataufurahia.

Haimaanishi mkae nyumbani. Inamaanisha mchague maji yaliyokingwa, msafiri asubuhi kabla upepo haujapanda, na chombo kiwe kikubwa kadiri pesa zinavyoruhusu.

Kwa ufupi: vakansi ya Noeli ni nzuri kwa bahari, vakansi kubwa ni nzuri kwa ziwa lenye ghuba na visiwa vya kujikinga.

## Kariba, chaguo langu la kwanza

Kwa familia ya Lubumbashi yenye watoto wa rika mbalimbali, ninapendekeza ziwa Kariba upande wa Zambia, katika mji wa Siavonga. Safari inakwenda kwa gari: Kasumbalesa iko takribani kilomita 90 kutoka mjini, Lusaka inafika kwenye kilomita 500 hivi, na kutoka Lusaka hadi Siavonga ni kama kilomita 200 zaidi. Lala Lusaka. Usijaribu kuifanya yote kwa siku moja na watoto, kwa sababu mpaka wa Kasumbalesa, pamoja na malori yake, unaweza kula nusu ya siku.

Siavonga kuna boti zenye vyumba vya kulala, jiko na sitaha ya juu. Familia hukodi boti nzima pamoja na nahodha na mpishi, na mara nyingi mnaruhusiwa kubeba chakula chenu, yaani unga wa bukari, sombe, mafuta na pilipili. Ni faida kubwa kuliko inavyoonekana. Mtoto aliye mahali pageni, akikuta sahani yake ya kila siku mezani, hutulia haraka. Jioni boti hufungwa ukingoni au kwenye ghuba, kwa hiyo watoto hulala bila kuyumbishwa usiku kucha.

Na kuna mengi ya kuwaonyesha. Ukuta wa bwawa, wenye urefu wa mita 128 kwenda juu, ulimalizika mwaka 1959. Ziwa lilipojaa liliwahamisha Watonga wapatao 57,000 kutoka kwenye ardhi ya mababu zao kwenye bonde la Zambezi. Watonga husimulia habari za Nyaminyami, roho ya mto, aliyekasirishwa na ukuta ule. Mwache mwenyeji awasimulie watoto mwenyewe. Wasimulie pia upande wa watu waliohamishwa, kwa kuwa mtoto wa Katanga anayejua habari za migodi anaweza kuelewa vizuri maana ya ardhi kuchukuliwa ili mashine zifanye kazi.

Kisha kuna kapenta. Watoto wetu wanaila tangu wana meno mawili, lakini wachache wanajua kwamba kapenta ya Kariba ni mgeni kutoka kwetu. Mwaka 1967 na 1968 samaki hao walichukuliwa kutoka Tanganyika wakamwagwa Kariba, wakazaana hadi wakawa uti wa mgongo wa uvuvi wa ziwa lile. Usiku usio na mwezi utaona taa za vyombo vya wavuvi zimetapakaa majini, kwa sababu kapenta hufuata mwanga. Mwombe nahodha awasogeze karibu kiasi kinachoruhusiwa, watoto waone wavu ukiinuliwa. Sijui somo la baiolojia linaloshinda hilo.

Tahadhari mbili. Kariba ina mamba na viboko, kwa hiyo hakuna mtoto anayeingia ziwani, hata kuosha miguu, hata kama maji yanaonekana matulivu namna gani. Na kina cha ziwa hupanda na kushuka: ukame wa mwaka 2024 ulilishusha sana. Muulize mwenye boti, kabla ya kulipa, ni ghuba zipi zinafikika mwaka huu.

## Tanganyika, kwa watoto waliokwisha kukua

Tanganyika linanigusa zaidi kuliko Kariba, lakini silipendekezi kwa mtoto wa chini ya miaka minane. Lina urefu wa kilomita 673 na kina cha mita 1,470. Baikal peke yake, kule Urusi, linalizidi kina kati ya maziwa yote duniani. Mawimbi yake ni ya bahari.

Meli maarufu ya ziwa hili ni Liemba. Ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 kwa jina la Graf von Götzen, ikafunguliwa vipande vipande, ikapakiwa hadi Dar es Salaam, ikapelekwa Kigoma kwa reli na kuunganishwa upya. Mwaka 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe wakikimbia, ili adui asiichukue. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Kwa miaka mingi ilibeba abiria kati ya Kigoma na Mpulungu, ikisimama mbele ya vijiji visivyo na gati huku mitumbwi ikija kupokea watu na mizigo ubavuni mwake. Baadaye ilisimama kwa ajili ya ukarabati mkubwa, kwa hiyo usipange likizo juu yake kabla hujapata uthibitisho wa bandari kwamba inasafiri, na tarehe gani.

Hata bila Liemba, Mpulungu ina faida zake. Kutoka Lubumbashi unaweza kupita Mokambo, ukavuka Luapula kwenye daraja la Chembe lililofunguliwa mwaka 2008, ukaenda hadi Mansa, Kasama na Mbala. Mpulungu mnakodi boti yenye paa ya kuzunguka ghuba na visiwa vya karibu, na kijana mwenye miguu ya nguvu anaweza kupelekwa kuyaona maporomoko ya Kalambo, ambako maji huanguka zaidi ya mita 200 kwa mruko mmoja, mpakani mwa Zambia na Tanzania.

Kuhusu mashua za mizigo zinazobeba pia abiria upande wetu, kati ya Moba na Kalemie, nasema wazi: zinabeba watu wenye safari za lazima, na ninawaheshimu wanaozitumia. Usimpandishe mtoto humo kwa ajili ya likizo.

## Zanzibar, na zile meli kubwa za kwenye picha

Boti za kasi kati ya Dar es Salaam na Unguja huvuka kwa muda wa kama saa mbili. Wafanyabiashara wengi wa mji wetu wanaijua Dar kama bandari ya mizigo, na njia ya Tunduma wanaijua vizuri, hivyo familia inaweza kuungana na safari ya kazi. Mwezi wa saba, katika kusi, chukueni boti ya asubuhi na mkae chini katikati. Mkipata nafasi Disemba, mtavuka bahari nyingine kabisa.

Ama zile meli kubwa zenye mabwawa ya kuogelea na kumbi za michezo, iliyo karibu kwetu huondoka Durban, Afrika Kusini, katika msimu wa joto unaoanza mwezi wa kumi na moja. Nyingi huelekea pwani ya Msumbiji na kurudi. Kwa kalenda yetu, hiyo ni safari ya Noeli tu. Meli hizo huwa na vyumba vya michezo vilivyogawanywa kwa rika, na wahudumu wake. Kampuni nyingi hazipokei mtoto aliye chini ya miezi sita. Ni raha kwa mzazi aliyechoka. Udhaifu wake ni kwamba familia inaweza kurudi nyumbani ikiwa haikukaa pamoja isipokuwa wakati wa kula.

## Mtoto mdogo juu ya maji

Wazazi huogopa kuzama, na wana haki. Wengi wetu tumesikia habari za MV Bukoba, iliyopinduka karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996 na kuua mamia ya watu. Wengi zaidi wanakumbuka tarehe 3 Oktoba 2024, mashua iliyotoka Minova ilipozama ziwa Kivu mbele ya bandari ya Kituku, Goma, huku watu ufukweni wakitazama. Ajali za namna hii mara nyingi zina chanzo kimoja: watu na mizigo kuzidi uwezo wa chombo. Na hilo unaweza kuliona kwa macho yako kabla ya kupanda. Ukiona chombo kimejaa kupita kiasi, shuka na wanao, hata kama umelipa, hata kama wenzako wanakuona mwoga. Nauli mtaitafuta tena.

Jaketi la kuokolea ni jambo la pili. Jaketi la mtu mzima halimfai mtoto, kwa sababu akianguka majini linapanda juu na kumfunika uso. Nunua au azima la saizi yake kabla hamjaondoka, lenye mkanda unaopita katikati ya miguu. Lijaribu nyumbani: mvalishe, kisha linyanyue mabegani. Kidevu kikizama ndani ya jaketi, ni kubwa mno. Mtoto alivae kila anapokuwa kwenye sitaha, na mtu mzima mmoja atajwe kwa jina kuwa ndiye anayemwangalia kwa saa hiyo. Watu wazima sita wakiwa pamoja, kila mmoja hudhani mwenzake anaangalia. Na mtoto anayezama mara nyingi hapigi kelele.

Jambo la tatu ni kichefuchefu. Watoto wachanga hadi miaka miwili husumbuliwa kidogo sana. Wenye miaka miwili hadi kumi na miwili ndio husumbuliwa zaidi. Chanzo chake ni ubongo kupata habari mbili zisizokubaliana: sikio la ndani, linaloshika mizani ya mwili, linasema tunayumba, macho yaliyo kwenye simu au kitabu yanasema tumetulia. Ndiyo maana dawa ya kwanza ni macho. Mweke mtoto katikati ya chombo, mbali na omo na tezi, yaani mbele na nyuma kabisa, kisha mwambie atazame mstari ambapo maji na mbingu vinakutana. Mpe chakula chepesi, mkate mkavu, chai ya tangawizi. Vidonge vya kuzuia kichefuchefu viamuliwe na daktari kulingana na umri na uzito, na visitolewe kwa makisio.

Kumbuka pia chandarua na dawa za malaria, na kichocho, minyoo inayopenya ngozi kutoka kwenye maji yenye konokono karibu na majani ya ukingoni. Ikiwa watoto waligusa maji hayo, mwambie daktari mkirudi. Dawa yake ipo na ni rahisi.

## Karatasi

Sehemu hii ni fupi lakini ndiyo inayorudisha familia nyumbani kutoka mpakani. Anza miezi miwili kabla.

- Pasipoti ya kila mtoto, yenye muda wa kutosha baada ya tarehe ya kurudi.
- Cheti cha kuzaliwa, nakala na asili yake.
- Kibali cha mzazi asiyesafiri, kilichothibitishwa na mamlaka, kama mtoto anasafiri na mzazi mmoja au na shangazi.
- Kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano. Mtoto huchanjwa kuanzia miezi tisa, na kadi huanza kutambuliwa siku 10 baada ya sindano, kwa hiyo chanjo ya siku ya kuondoka haisaidii.

Habari za visa uliza moja kwa moja kwenye konsulati za Zambia na Tanzania zilizopo hapa hapa Lubumbashi. Jirani aliyesafiri mwaka jana huenda anakueleza sheria zilizokwisha badilika.

## Kijana wa miaka kumi na sita

Nimeacha vijana mwisho kwa sababu wao ndio wanaoamua kama safari itakuwa na furaha. Swali lao la kwanza linajulikana: "Papa, huko kutakuwa na rezo?" Mjibu ukweli. Karibu na mji rezo ipo, katikati ya ziwa inapotea. Kijana aliyedanganywa kwamba ipo atanuna siku ya kwanza, na atawaambukiza wadogo zake.

Nionavyo mimi, kijana huchoka na safari ya familia pale anapobebwa kama mzigo. Mtu wa miaka kumi na sita anaweza kufanya kazi za kweli ndani ya boti, na anapaswa kupewa. Mmoja ashike pesa za matumizi ya kila siku na kuziandika. Mmoja afuate njia kwenye ramani, akiandika saa ya kuondoka, upepo na mahali mlipolala. Manahodha wengi, wakiombwa kwa adabu, humwonyesha kijana jinsi ya kusoma dira na jinsi ya kulifahamu wimbi kabla halijafika. Binti apewe kazi hizo hizo. Nimechoka kuona wasichana wakipelekwa jikoni hata wakiwa likizo, wakati kaka zao wako juu na nahodha.

Kijana pia anahitaji mlango wa kufunga. Kama boti ina chumba cha ziada, mpe. Kama haina, mpe saa moja ya sitaha ya juu peke yake, na wadogo wasipande. Kwenye meli kubwa mkubaliane saa ya kurudi chumbani na mahali pa kukutana asubuhi na jioni, na binti na kijana wa kiume wawe na saa ile ile.

Yuko kijana mmoja anayehitaji huruma ya pekee: finalisti. Amefanya Exetat, mtihani wa taifa wa mwisho wa sekondari, na matokeo hutoka vakansi ikiwa imeanza. Wazazi humpeleka safari ili apumzike, lakini moyo wake uko kwenye simu, na ziwani simu haishiki. Kama mnaweza, ondokeni baada ya matokeo ya mkoa wetu kutangazwa. Kama tarehe haziruhusu, amwachie ndugu anayemwamini namba zake za mtihani, ajue matokeo yatatazamwa siku hiyo hiyo. Kisha umuulize mapema, akiwa na akili tulivu, kama anataka habari imfikie kule kule kupitia nahodha mtakapokaribia gati, au isubiri hadi mfike Kasumbalesa. Atakalochagua liheshimiwe na wote, hata mama anayetamani kujua.